Dodoma ina Bunge, Dar es Salaam ina balozi: kazi za mji mkuu ni zipi hasa?

Swali limetoka kwa mwalimu wa Jiografia na Uraia wa shule moja ya sekondari huko Kahama:

"Kitabu chetu kinasema kazi za mji mkuu ni utawala, biashara, viwanda, usafirishaji, elimu na utamaduni. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili wameniuliza: kama ni hivyo, Dodoma ni mji mkuu wa namna gani wakati bandari, benki kubwa na balozi ziko Dar es Salaam? Mmoja ana ndugu zake Burundi, akaongeza kwamba na huko ni hivyo hivyo, Gitega na Bujumbura. Niwaeleze vipi? Na swali hili likija kwenye mtihani, nisahihishe vipi?"

Mwalimu, hongera kwa kupata wanafunzi wanaobishana na kitabu. Wana haki ya kubisha. Orodha uliyoinukuu imechanganya kazi za mji mkuu na kazi za mji mkubwa. Bandari, viwanda, benki na masoko ya jumla ni kazi za mji mkubwa. Tunazikuta katika miji mikuu mingi kwa kuwa mingi ni mikubwa pia, lakini nchi inaweza kuziacha kwingine na utawala wake usipungukiwe na kitu. Canberra haina bandari. Brasília haikujengwa kwa ajili ya viwanda. Biashara kubwa ya Uturuki iko Istanbul wakati serikali iko Ankara, na hakuna anayeuliza kama Ankara ni mji mkuu wa kweli. Orodha ya aina hiyo huandikwa na mtu anayeitazama Nairobi au London na kuorodhesha kila anachokiona.

Waulize wanafunzi hivi: serikali ikihama, ni nini ambacho hakina budi kuhama nayo? Bandari haihami. Ofisi ya Rais inahama. Kiwanda cha saruji hakihami. Baraza la Mawaziri, wizara, Bunge na mahakama ya juu kabisa vinaweza kuhama, ingawa, kama tutakavyoona, si lazima vihame siku moja wala viende mahali pamoja. Vikishahama, vitu vingine hufuata kwa hiari yake: balozi, makao makuu ya vyama, vyombo vya habari, mawakili, mahoteli. Hivyo vya hiari ndivyo vinavyochelewa, na ndivyo vinavyowachanganya watu.

Kwanza, kwa nini Dar es Salaam ilikuwa na kila kitu? Kwa sababu ilichaguliwa na watu waliotaka kuingiza na kutoa mizigo. Wajerumani walianza kutawala kutoka Bagamoyo, mji wa misafara, ambako pwani ni ya maji mafupi na meli kubwa hazikuweza kufunga gati. Mwaka 1891 wakahamishia utawala Dar es Salaam, kwenye mlango wa bandari wenye kina na uliokingwa na upepo. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka hapo mwaka 1905 na ikafika Kigoma mwaka 1914. Tangu hapo gavana, forodha, reli na benki vikakaa katika mji mmoja. Lagos, Abidjan na Maputo zina historia inayofanana na hiyo. Koloni lilihitaji mji mkuu ulio kwenye mlango wa kutokea.

Kenya ilienda kinyume na pwani, lakini kwa sababu ile ile ya usafiri. Makao ya utawala wa Waingereza yalikuwa Mombasa hadi mwaka 1905, yakahamia Nairobi, mahali ambapo miaka 6 kabla yake palikuwa na kambi na karakana ya reli na si zaidi sana ya hapo. Uganda nayo iliendeshwa kutoka Entebbe hadi uhuru mwaka 1962, ndipo Kampala ikawa mji mkuu. Ikulu ya Entebbe na uwanja wa ndege wa kimataifa vikabaki kule kule kando ya ziwa, na Waganda hawajaona tatizo lolote.

Tuje kwenye kazi zenyewe. Iliyo kubwa kuliko zote haitajwi kabisa katika vitabu vya shule: mji mkuu ni mahali wanapokaa watu wenye mamlaka ya kusaini. Kwa Tanzania mtu huyo ni katibu mkuu wa wizara. Waziri ndiye mwenye sera na ndiye anayejibu maswali bungeni, lakini katibu mkuu ndiye afisa masuuli, yaani anayewajibika kisheria kwa fedha za wizara. Malipo ya mkandarasi na uhamisho wa watumishi vinapita mikononi mwake au mikononi mwa aliowakasimu. Anapokaa yeye ndipo ilipo masjala, na masjala ilipo ndipo yalipo majalada. Mfuatiliaji yeyote wa jambo serikalini, awe mkandarasi, mkurugenzi wa halmashauri au mwalimu anayedai malimbikizo yake, atapanda basi kwenda huko, hata kama katiba, sheria na ramani zote zinataja mji mwingine.

Ukishika jambo hilo, historia ya Dodoma inakuwa rahisi kuisoma. TANU, chama kilichokuwa kikitawala, iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma. Hoja zilikuwa zinaeleweka: mji uko karibu na katikati ya nchi, Reli ya Kati inakutana hapo na barabara ya kaskazini na kusini, na siasa ya Ujamaa ilitaka mji mkuu unaotazama vijiji badala ya bahari. Mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo watu wengi waliijua kwa kifupi chake cha Kiingereza, CDA. Mpango kabambe wa mji ulichorwa na kampuni ya Toronto, Kanada, ukakamilika mwaka 1976. Kazi yote ilitarajiwa kuchukua miaka 10.

Haikuchukua miaka 10. Bei ya mafuta iliruka juu kwa awamu mbili katika muongo huo, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ikavunjika mwaka 1977, vita na Idi Amin vikamaliza akiba ya fedha za kigeni mwaka 1978 na 1979, kisha miaka ya 1980 ikaja na uhaba hata wa sabuni. Ujenzi wa makao makuu ni matumizi ambayo serikali yenye njaa huyaahirisha kwanza, kwa kuwa ofisi za zamani bado zina paa.

Bunge lilihamia Dodoma moja kwa moja mwaka 1996. Hapa ndipo penye funzo. Kwa miaka 20 iliyofuata, Bunge lilikuwa Dodoma na wizara nyingi zikabaki Dar es Salaam. Kila Bunge la Bajeti, mawaziri, makatibu wakuu, wakurugenzi na wahasibu walisafiri kilomita zipatazo 450 na maboksi ya majalada. Magari ya serikali, yenye namba za ST, yalijaa mjini, nyumba za kulala wageni zikapandisha bei, na bajeti ikishapitishwa wote wakarudi Dar es Salaam. Bunge peke yake halikuweza kuivuta serikali. Wabunge hukutana kwa vikao, na kwa kikao mtu hukodi chumba tu. TAMISEMI, yaani wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, ambayo ilitangulia kuwa na ofisi Dodoma, iliwafundisha watumishi wa halmashauri njia ya huko mapema, lakini ilikuwa moja.

Kilichobadilisha mambo ni amri ya mwaka 2016 kwamba watendaji nao wahame. Julai mwaka huo Rais Magufuli alitangaza kuwa serikali yote itakuwa Dodoma kabla ya 2020. Waziri Mkuu Majaliwa alihamia mwishoni mwa Septemba, na makatibu wakuu wakafuata kwa awamu. Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, alihamia Desemba 2017, na Rais mwenyewe mwaka 2019. Dodoma ilipewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018, na Septemba ya mwaka huo Bunge likapitisha sheria ya kuitangaza kuwa makao makuu ya nchi. Tazama mpangilio huo: sheria ilikuja baada ya watu kuanza kuhama, miaka 45 baada ya uamuzi wa chama. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa jambo jema. Nchi zilizoanza na sheria na kuacha watendaji walipo, kama tutakavyoona kwa Côte d'Ivoire, zimebaki na mji mkuu wa kwenye karatasi.

Mji wa Serikali wa Mtumba, kilomita 17 hivi kutoka katikati ya jiji, ulizinduliwa Aprili 2019 ukiwa na majengo madogo ya awamu ya kwanza, kisha yakaja maghorofa ya wizara. Ikulu mpya ya Chamwino ilizinduliwa Mei 2023. Treni ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024, na safari iliyokuwa ikila siku nzima kwa basi ikawa ya saa nne hivi. Jengo la makao makuu ya Mahakama lilizinduliwa Dodoma Aprili 2025. Kwa hiyo mihimili yote mitatu sasa ina makao yake Dodoma. Mwanafunzi akisema "Dodoma ni mji wa Bunge tu", amechelewa kwa miaka kadhaa.

Kuhusu Mahakama kuna jambo ambalo darasa lako la Uraia litalipenda. Mahakama ya Rufani ya Tanzania husafiri. Majopo ya majaji hukaa kwa vikao mikoani, Mwanza, Arusha, Mbeya na kwingineko, na huvuka pia kwenda Zanzibar. Makao makuu ya mahakama ni mahali penye usajili, kumbukumbu na utawala wake. Shauri lenyewe linaweza kusikilizwa karibu na wewe. Ndiyo maana katika nchi nyingi mahakama ya juu ndiyo inayotengwa na mji mkuu kwa urahisi kuliko mihimili mingine. Ujerumani iliweka mahakama yake ya katiba Karlsruhe. Afrika Kusini ina Mahakama Kuu ya Rufaa Bloemfontein. Malawi ilihamisha serikali kutoka Zomba kwenda Lilongwe mwaka 1975, lakini mahakama yake ya rufaa imebaki Blantyre, na Bunge lilikaa Zomba hadi mwaka 1994.

Sasa balozi, maana ndizo zinazowasumbua wanafunzi wako zaidi. Wengi hudhani sheria ya kimataifa inalazimisha ubalozi ukae katika mji mkuu. Hailazimishi. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu uhusiano wa kibalozi unasema tu kwamba nchi haiwezi kufungua ofisi nyingine za ubalozi nje ya mahali ubalozi ulipo bila ridhaa ya wazi ya nchi mwenyeji. Unamtaka pia mwenyeji amsaidie mgeni wake kupata eneo, na unaelekeza kwamba shughuli rasmi zipitie wizara ya mambo ya nje. Kwa maneno mengine, mwenyeji akivumilia, ubalozi unaweza kukaa popote ambapo kazi yake inawezekana. Nchi zilizo na balozi zake Uholanzi zimeziweka The Hague, wakati mji mkuu wa kikatiba ni Amsterdam. Za Benin ziko Cotonou, wakati mji mkuu ni Porto-Novo.

Kwa nini ubalozi uchelewe kuhama? Piga hesabu ya kinachohitajika. Nyumba ya balozi na za maofisa, ofisi yenye ulinzi wa viwango vyao, shule ya watoto inayofuata mtaala wa kwao, hospitali, na uwanja wa ndege wenye safari za nje. Wengi tayari wanamiliki majengo Oysterbay, Masaki au Upanga, na kuyauza au kuyabadilisha matumizi huchukua miaka. Kisha kuna wateja: waombaji wa viza, wafanyabiashara, raia wa nchi hiyo wanaoishi nchini. Wengi wa hao wako Dar es Salaam. Serikali imetenga maeneo kwa ajili ya balozi Dodoma, na uwanja mpya wa ndege wa Msalato umekusudiwa kwa ndege kubwa za kimataifa. Kwa uzoefu wa nchi nyingine, hata balozi zikihama, Dar es Salaam itabaki na konseli, yaani ofisi za kuhudumia viza, biashara na raia wao. Nigeria ilihamisha serikali kutoka Lagos kwenda Abuja tarehe 12 Desemba 1991, balozi zikafuata polepole, na hadi leo Marekani na Uingereza zina ofisi kubwa Lagos kwa sababu watu na biashara wako huko.

Bandari na benki ni habari fupi. Shehena ya Kongo, Zambia, Rwanda na Burundi inashuka Dar es Salaam, na penye shehena pana forodha, mawakala, bima na mikopo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam na takriban 765,000 katika Jiji la Dodoma. Pengo hilo halitazibwa na wizara. Watumishi wa makao makuu ya serikali, hata ukiwajumlisha na familia zao, ni wachache mno kwa mji wa mamilioni.

Kuhusu Burundi, mwanafunzi wako yuko sahihi. Tamko la kuifanya Gitega mji mkuu wa kisiasa lilitolewa Desemba 2018, na sheria ikapitishwa Januari 2019. Bujumbura, yenye bandari ya Ziwa Tanganyika, ikabaki mji mkuu wa kiuchumi. Gitega ilikuwa makao ya wafalme wa Burundi, kwa hiyo hoja ya katikati ya nchi iliungana na hoja ya historia. Jambo la kuangalia huko ni lile lile tulilolisema: tazama wizara ipi ina watendaji wake Gitega kwa mwaka mzima, usitazame sherehe.

Sherehe nazo ni kazi ya mji mkuu, na si ndogo. Gwaride, makaburi ya viongozi, sanamu, bendera na wageni wa kitaifa huwaonyesha wananchi nchi ni ya nani. Ndiyo sababu nchi zenye makundi yanayoviziana huchagua mji usio wa yeyote. Nigeria ilichagua Abuja mwaka 1976 kwa kuwa haikuwa ngome ya Wahausa, Wayoruba wala Waigbo. Australia ilijenga Canberra kati ya Sydney na Melbourne kwa sababu kila mmoja aliukataa mwingine. Rwanda ilipopata uhuru mwaka 1962 ilichagua Kigali iliyo katikati, wakati Butare ndiyo ilikuwa na sura ya mji wa wasomi. Dodoma iliepuka ushindani wa namna hiyo. Hakuna kabila lililodai mji mkuu, na waliolalamika walilalamikia ukame na umbali.

Ukame ulikuwa hoja ya kweli. Dodoma hupata milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, nyingi kati ya Desemba na Aprili, na haina mto wa maji ya kudumu. Kwa miongo mingi jiji limetegemea visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora. Mji mkuu ukihamishwa, watu huja kwa mkupuo: mtumishi mmoja huja na familia, na nyuma yao huja fundi, mama lishe, dereva wa bodaboda na mwenye duka. Maji hayaji kwa mkupuo. Bwawa au bomba refu huchukua miaka mingi kupangwa na kujengwa, na nyumba ya vyumba vitatu huchukua miezi. Kwa hiyo mpangaji mwenye busara huanza na maji kabla ya kuchora bulevadi. Dodoma ilianza na ramani, ikapata Bunge, ikapata chuo kikuu mwaka 2007, ikapata wizara, na suala la chanzo kikubwa cha maji likawa bado linazungumzwa.

Ardhi ndiyo kosa la pili linalojirudia. CDA ilimiliki ardhi ya mji, na mwananchi akapewa hati ya kupanga ya miaka 33. Nia ilikuwa kuzuia ujenzi holela na kuhodhi viwanja. Matokeo yake ni kwamba mtu aliogopa kujenga ghorofa juu ya haki ya miaka 33, benki zikasita kuipokea kama dhamana, na wenyeji waliokuwa na mashamba pembezoni wakaingia kwenye migogoro ya fidia. CDA ilivunjwa Mei 2017, kazi zake zikapelekwa kwenye halmashauri, na umiliki ukaelekezwa kuwa wa miaka 99. Ujenzi wa watu binafsi uliongezeka kasi baada ya hapo, ingawa kuhama kwa serikali nako kuliuchochea, na ni vigumu kuzitenganisha sababu hizo mbili.

La tatu ni la kibinadamu. Mtumishi huhama mwili, familia ikabaki. Mke au mume ana kazi Dar es Salaam, watoto wako katikati ya masomo, nyumba ya mkopo iko Mbezi au Kigamboni. Ijumaa mchana ofisi hupungua watu. Serikali hulipa posho za uhamisho, lakini gharama inayouma ni ile isiyoonekana: kikao kilichoahirishwa kwa sababu mtu mmoja yuko njiani. Treni imepunguza tatizo hilo na wakati huo huo imelirefusha, kwa kuwa sasa inawezekana kuishi miji miwili bila kuchoka sana. Ujerumani ililiona hili mapema. Bunge lake liliamua tarehe 20 Juni 1991, kwa kura 338 dhidi ya 320, kuhamia Berlin. Uhamisho ulifanyika mwaka 1999, na kwa sheria wizara kadhaa ziliachwa na makao yake Bonn. Maofisa wamekuwa wakisafiri kati ya miji hiyo miwili tangu wakati huo, na mjadala kuhusu gharama haujaisha.

Utahitaji pia kuwaeleza kwamba Tanzania ina ngazi mbili za makao makuu. Jiji la Zanzibar ni makao ya Serikali ya Mapinduzi: Ikulu yake na Baraza la Wawakilishi. Dodoma ni makao ya Serikali ya Jamhuri ya Muungano. Arusha si mji mkuu wa nchi yoyote, lakini inafanya kazi ya mji mkuu kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye sekretarieti, bunge na mahakama yake huko. Nairobi inabeba zote pamoja: serikali, biashara, na makao ya dunia ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Ubaya wa kubeba zote ni kwamba haijulikani barabara ya jiji ni ya nani. Kati ya 2020 na 2022 kazi kadhaa za Kaunti ya Nairobi ziliendeshwa na chombo cha serikali kuu, na ugomvi wa madaraka ukafika mahakamani. Uganda ilijaribu dawa nyingine kwa kuunda mamlaka maalumu ya jiji la Kampala kwa sheria ya mwaka 2010.

Kwa darasa lako, kipindi pacha kinatosha. Gawa wanafunzi katika vikundi vya watu watano au sita, kila kikundi nchi moja, na wajibu maswali sita. Kiongozi wa serikali anafanyia kazi wapi? Makatibu wakuu au watendaji wa wizara wako wapi mwaka mzima? Bunge linakutana wapi? Mahakama ya juu iko wapi? Balozi nyingi ziko wapi? Mizigo na fedha nyingi hupita wapi? Kenya itakupa Nairobi kwa maswali matano na Mombasa kwa mizigo. Malawi itakupa Lilongwe na Blantyre. Afrika Kusini itakupa Pretoria kwa serikali na balozi, Cape Town kwa Bunge, Bloemfontein kwa rufaa, Johannesburg kwa fedha na kwa Mahakama ya Katiba, Durban kwa bandari. Côte d'Ivoire itawashangaza: Yamoussoukro ni mji mkuu tangu 1983, lakini majibu karibu yote yataangukia Abidjan. Tanzania iwekwe mwisho, kwa sababu wakishaona hizo nyingine hawataona ajabu.

Kuna kipimo cha haraka ambacho hakihitaji kitabu. Chukua barua yoyote ya karibuni kutoka wizarani iliyofika shuleni kwenu na usome anwani iliyo juu. Utakuta Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma. Kisha linganisha na barua ya wizara hiyo hiyo ya mwaka 2010, kama bado iko kwenye faili la mkuu wa shule.

Kuhusu usahihishaji. Swali likiwa "Taja mji mkuu wa Tanzania", jibu ni Dodoma na hakuna alama kwa Dar es Salaam, hata mwanafunzi akileta atlasi ya zamani. Swali likiwa "Eleza kazi za mji mkuu", mpe alama kamili anayetaja makao ya kiongozi wa nchi na wizara, kutunga sheria, mahakama ya juu, kupokea wageni na kuendesha mambo ya nje, kutunza kumbukumbu na takwimu za taifa, na sherehe na alama za taifa. Anayeandika "biashara" au "bandari" asinyimwe papo hapo. Akieleza kwamba ni kazi ambayo baadhi ya miji mikuu hubeba, akataja Maputo, Luanda au Djibouti, mpe alama. Akiandika neno "bandari" peke yake bila mji wowote, usimpe.